Kaburi la Mwisho la Hanchi

Bango lilisimama asubuhi moja tu. Mkuu wa Barabara alilichomeka mwenyewe kando ya kaburi, akalipiga picha ya kuweka kwenye faili, kisha akaling'oa na kulitupa nyuma ya gari. Lilisema mwenye kaburi ajitokeze ofisi ya wilaya. Sheria ilitaka likae miezi mitatu, na miezi mitatu ingeisha theluji imeshaanguka.

Aliitwa Gu Cheonsu, ingawa ofisini hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo. Alikuwa Mkuu, basi. Mwaka mmoja tu tangu aletwe kutoka Seoul, na wimbo wake ulikuwa mmoja: ghala. Chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani ilikuwa inarundikwa nje chini ya turubai, inanyeshewa, na siku inapohitajika imeshagandamana, sururu haiingii. Kila baridi mteremko wa Hanchi ulichukua watu. Ulimchukua na mama yake, ndani ya basi, yeye akiwa na miaka sita. Walimzika theluji ikiwa magotini, na wiki ileile mjomba akampeleka mtoto Seoul kumlea. Ndiyo maana alisomea barabara. Hilo alilisema kwenye kila kikao, na sauti ilimtetemeka kwelikweli.

Kiwanja kilikuwa tayari, isipokuwa kaburi hilo moja, bonge la udongo lisilo jiwe wala jina. Lakini nyasi zake zilikuwa zimefyekwa vizuri, na hizo nyasi ndizo zilizomkera. Zikifyekwa, ujue kuna mtu, na mtu akitokea ni mashauri mpaka baridi iishe.

Mtu mwenyewe alikuja wiki iliyofuata: Bibi Jeomrye wa kijiji cha chini, mgongo umepinda, mundu bado kiunoni. Alikuwa ameona vibendera vyekundu vya wapimaji. Akaeleza kwamba kaburi lile analifyeka yeye kila vuli, mwaka wa arobaini na mbili sasa, na akimaliza hulimwagia kikombe cha pombe ya mchele.

"Ni ndugu yako?" Cheonsu akauliza.

"Rafiki yangu. Ana mtoto, siku moja huenda..."

"Huyo mtoto amewahi kuja?"

"Bado."

Cheonsu akacheka. Mtoto anayemtelekeza mzazi wake kwenye magugu miaka arobaini, alisema, wilaya imsubiri ya nini? "Na wewe, Bibi, una hakika kaburi lenyewe ndilo hilo? Kila vuli watu wanafyeka la jirani, wanalipigia magoti, machozi yanawatoka, kumbe wa kwao yuko kilima cha pili."

Wafanyakazi wa ofisi wakacheka naye. Bibi alitaka kumtaja marehemu; akazuiwa kwa kiganja, akaambiwa asiye ndugu hana la kuandikisha. Akionekana tena na mundu kwenye ardhi ya wilaya, ataitiwa polisi. Na bibi wa watu, jamani, akainama kwa heshima, akatoka.

Cheonsu hakuona haya hata chembe, maana yeye mama yake hakumwacha kwenye magugu. Tangu apate mshahara alikuwa ameajiri wafyekaji wa makaburi; aliwaelekeza kwa simu kadiri alivyokumbuka, na kila vuli wakamtumia picha ya bonge la kijani lililonyolewa safi. Siku ya sikukuu aliiweka picha hiyo mezani mbele ya mapeasi na samaki mkavu wa tambiko, akapiga magoti mara mbili. Kupanda kilimani mwenyewe, kazi haikumpa nafasi.

Siku tisini zilipotimia kwenye karatasi, tarehe zikiwa zimerudishwa nyuma, walichimba. Bang, dereva wa tingatinga, alishuka akasimama kando ya shimo. Kulikuwa na mifupa michache na pini ya nywele ya fedha. Akauliza gari gani litaipeleka mifupa kuchomwa, maana tanuru liko mbali, mwendo wa nusu siku. Malori ya zege yalikuwa yameshapanga foleni barabarani, na wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu alfajiri.

"Rudisha humo humo. Sawazisha."

"Mkuu, huyu ni mtu."

"Alikuwa mtu," Cheonsu akasema, na kwa ncha ya kiatu akaisukuma ile pini ikaangukia shimoni.

Kabla ya chakula cha mchana zege lilikuwa limemwagwa. Kwenye faili akaandika kwamba mabaki yalichomwa na mwenyewe hakutokea.

Ghala lilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili, theluji ya kwanza ikidondoka. Hotuba zilipokwisha Bibi Jeomrye aliingia, akiburuza miguu juu ya sakafu mpya. Hakuja kugombana. Aliuliza mifupa imewekwa wapi, akajibiwa kwamba imechomwa na majivu yamehifadhiwa mahali pazuri. Bibi akashukuru.

"Naomba karatasi tu, mwanangu, yenye muhuri. Mwanawe akija, asidhani mimi nilichoka."

Cheonsu siku hiyo alikuwa na furaha, na furaha humfanya mtu mkarimu. Akaitisha fomu, akaiegemeza kwenye goti, akachomoa kalamu. Nyuma yao lori la kwanza lilirudi kinyumenyume, likainua bodi, chumvi ikaanza kuporomoka sakafuni.

"Haya, Bibi. Jina la marehemu?"

"La kwake hasa silijui. Sisi wanawake wa zamani hatukuitana majina." Bibi akapaza sauti ili asikike. "Andika tu tulivyokuwa tunamwita hapa kijijini: Mama Cheonsu."