Mkono wa Mke wa Nne

Mke wa nne alikuwa amezamisha mkono mmoja kwenye tangi la samaki hadi kiwikoni, na kwa mkono wa pili ameshika shina bichi alilolitoa sokoni limefichwa chini ya vitunguu. Aling'oa lililoanza kuoza, akachomeka lililo hai mahali pale pale, akasawazisha changarawe. Samaki wakamtazama. Uzuri wa samaki ni kwamba hawana umbea.

Hilo lilikuwa shina la tatu.

Tangi lilikuwa la mumewe, fundi saa, na lilitawala sebule kuliko makochi. Mimea ilisimama mistari mistari, mifupi mbele, mirefu nyuma, imepunguzwa kwa mkasi kama ndevu za bwana harusi. Taa yake iliwaka saa nne asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni, si dakika zaidi. Fundi alikuwa na imani moja tu hapa duniani: mkono unaoua mmea una nuksi, na mwenye mkono huo halali nyumbani kwake. Kwa hiyo mke mpya alikabidhiwa mmea na mama mkwe, autunze humo majini siku arobaini. Wa mke wa pili ulioza wiki ya tatu, akarudishwa kwao na sanduku lake. Wa tatu hakufika hata huko. Wa kwanza hakuwahi kupewa mmea. Yeye alianguka ngazini, Mungu amrehemu.

Sasa, bibi kizee alipomkabidhi huyu wa nne mmea wake, hakujua kwamba anampa mtu aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka sita. Mkwe wake huyo aliutupia jicho mara moja tu. Majani mapana yenye mistari, shina nene: mmea wa chungu, wa barazani! Kuuzamisha mzima mzima ni sawa na kumtupa kuku mtoni ukamngoje ng'ambo. Utaoza tu, hata uimbiwe.

"Ahaa," akasema moyoni. "Kumbe ndivyo unavyowafukuza wenzangu."

Akaupokea kwa mikono miwili. Kwao hakuna pa kurudi. Kitanda chake sasa anakilalia mke wa kaka yake. Na mume mwenyewe, jamani, mpole hadi unamwonea huruma! Anamchemshia maji ya kuoga, akienda sokoni anampigia simu mara tatu kujua amefika wapi, na hajawahi kupaza sauti hata siku moja. Aachiwe nani mume wa namna hiyo?

Mama mkwe naye alikuwa na kifundo cha mkono kilichopinda, na mazoea ya kukaa akiutazama mlango. Kila asubuhi, fundi akishatoka, swali lake lilikuwa lile lile.

"Hujafungasha tu?"

"Nifungashe nini, mama? Mmea wangu unacheka."

"Majani hayana doa?"

"Hata moja. Labda tukununulie miwani."

Siku ya thelathini alimfuma bibi kizee amepanda kigoda, mkono ndani ya maji, analibana shina kwa kucha.

"Mama! Hivi huoni haya? Ngoja mwanao arudi, leo namwambia."

Bibi kizee alishuka kigodani kwa kuanguka zaidi kuliko kushuka. Akamshika mkwe wake miguu, maji yakimchuruzika mkononi.

"Mwanangu, nakuomba. Nifanye utakavyo, lakini usimwambie."

Mke wa nne alimwacha pale chini kwa muda, aonje. Halafu akamwonyesha sufuria zilizoungua. Tangu siku hiyo sufuria zote za nyumba ile zilisuguliwa na mkono uliopinda, na mkwe akawa anasimama mlangoni kuhesabu madoa yaliyosalia.

"Hapo bado, mama. Sugua na hapo."

Siku ya arobaini fundi alivaa lenzi yake ya kazini, ile ya jicho moja, akakagua jani baada ya jani. Akavua lenzi. Akatabasamu.

"Huyu ndiye wangu," alisema. "Huyu haendi popote."

Akachukua sanduku la mkewe, akalipandisha ghorofani. Wakasikia kabati likifungwa, na ufunguo ukizungushwa mara mbili.

"Mke wangu," sauti ikaita kutoka juu, taratibu. "Njoo."

Mke wa nne alikanyaga kidato cha kwanza cha ngazi, kisha akageuka. Ushindi kama huu hauachwi upite kimya kimya.

"Mama," alinong'ona, "toka siku ile ya kwanza nilijua ule ni mmea wa nchi kavu. Nilikuwa naubadilisha kila wiki. Kama ulitaka niondoke, si ungeniambia tu?"

Bibi kizee alikuwa amekaa chini kando ya tangi, sufuria mapajani, machozi yanamtoka bila sauti.

"Niliyemwambia kwa mdomo ni yule wa kwanza," alisema. "Akapanda juu kumuuliza mumewe."