Namba Saba na Kidonge cha Zambarau

"Nimeshindwa kwa doa moja! Moja tu!" fundi cherehani alipiga kelele, mdomo wake mzima ukiwa wa zambarau.

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la kliniki ya meno walisogea pembeni kidogo. Hakuwajali. Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi ambayo nesi alikuwa ameibandika ukutani muda huo huo: Namba Kumi na Mbili, madoa matatu, Namba Saba, madoa mawili. Kumi na Mbili alikuwa yeye. Saba alikuwa nani, nesi alikataa katakata kusema. Majina ni siri ya kliniki.

Kila mwezi, wote waliofungwa waya za meno walitafuna kidonge cha rangi, na palipobaki uchafu pakageuka zambarau. Nesi akahesabu madoa. Huu ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo Namba Saba anamtoa jasho.

"Mwezi ujao ndio mwisho," nesi alimtuliza. "Mnakuja wote siku moja, na mshindi anapewa cheti chenye mhuri. Haya, kapige mswaki, unatisha watu."

Cheti! Alikitaka kufa na kupona, na sababu ilikuwa moja tu: mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, jirani wa mlango wa pili, mtu wa kukagua kila kitu kuanzia sufuria hadi mapazia. Siku mkwe wake aliporudi na waya, alimwangalia mdomoni akasema, "Mtu mzima, watoto wawili, unajifunga waya kama boksi la mzigo?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Basi afadhali angeendelea kucheka. Tangu miezi mitatu iliyopita alikuwa amenuna kabisa. Akija Jumapili, mtandio uko puani, jibu lake ni "Mm." Nyama ya kuchoma ya mkwe wake hagusi, anaomba uji. Fundi alilia kwa mumewe kwamba mama hampendi tena.

"Mama yuko sawa," mume alisema, akageuka haraka kuangalia dirishani, mabega yakimtikisika.

Kwa hiyo fundi alikuwa na mpango. Angeshinda, angekitundika cheti sebuleni, mkabala na kiti cha mama mkwe. Mwalimu gani anaona cheti chenye mhuri asitabasamu hata kidogo? Hilo tabasamu tu ndilo alilotaka.

Akajitosa mazoezini. Kila akila, hata kipande cha embe, alikimbilia bafuni. Mswaki aliuinamisha juu ya waya, kisha chini ya waya, kisha kwenye fizi, taratibu, kwa miduara midogo, kwa sababu fizi ukizikwaruza zinavimba na kutoa damu. Kisha kiburashi chembamba, jino kwa jino. Kisha uzi. Hapo ndipo ufundi wake ulipong'aa: mkono uliozoea kutunga sindano ulipenyeza uzi nyuma ya waya huku mwenyewe akiimba.

Jumapili moja alishtuka kumwona mama mkwe amesimama kwenye mlango wa bafu, mtandio puani, mikono nyuma, kama yuko kwenye chumba cha mtihani.

"Na nyuma ya gego la mwisho?" sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Huko unapitishaje?"

Anatafuta kosa, fundi aliwaza, na damu ikamchemka. Akamwonyesha. Akamwonyesha jinsi ya kukunja ncha ya uzi, jinsi ya kuuvuta kwa upande, jinsi ya kusukutua mara mbili baadaye. Alimweleza yote kwa ukali wa adabu, nusu saa nzima.

"Mm," mama mkwe alisema, akaenda zake.

Huku nje, fundi alimsaka Namba Saba. Karani wa benki alipofunika mdomo akicheka, fundi akamshuku. Kinyozi alipoagiza maji badala ya soda, akamshuku zaidi; alimfuata mitaa miwili, kumbe kinyozi hana waya wala nini.

Siku ikafika. Waya za watu kumi na tano, vyumba viwili vya kukagulia, midomo ya zambarau kila kona. Fundi alifungua kinywa mpaka taya likalia. Nesi alichungulia kwa kioo kidogo, akarudia, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Doa moja."

Fundi aliruka na kumkumbatia nesi, kioo kikaanguka. Doa moja! Kwa kliniki ile hakuna aliyewahi kufika hapo! Alikuwa tayari anaona msumari sebuleni.

Nesi mwenzake akatoa kichwa kwenye chumba cha pili. "Namba Saba," alitangaza, "sifuri."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Fundi alikaa kwenye benchi kama gunia lililofunguliwa kamba. Machozi yakamlengalenga. Hata hivyo alikaza shingo, amwone huyo mtu angalau mara moja.

Namba Saba alitoka akipepea cheti. Alipokutana macho na fundi, alisita. Kisha akashindwa kujizuia, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, mdomo wazi mpaka gego la mwisho, waya juu, waya chini, mtandio umeanguka mabegani.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Nilifundishwa na fundi."