Tunda Zima

Mbithe alipolikata stafeli, kisu kilizama chenyewe kama kimeingia kwenye uji. Ndani hapakuwa na weupe. Nyama ilikuwa ya kahawia, inatoa povu, na harufu ya pombe ikajaa chumba kizima.

"Limeoza," alisema, bila kumtazama mumewe.

Kituku alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, taulo magotini, kijiko tayari mkononi. Alikirusha kile kijiko kikagonga ukuta.

"La pili hili! Mbithe, macho yako yana nini siku hizi?"

"Nisamehe, Baba Ngui. Kwa nje lilikuwa zuri."

Kwa miaka ishirini na miwili Kituku aliendesha lori la ndizi kutoka Mahoo hadi soko la Kongowea, Mombasa. Huko aliyaona matunda ambayo kwao hayakuwepo: mastafeli yenye miiba laini, mashokishoki mekundu yenye nywele, madoriani unayoyanusa kabla hujayaona. Hakuwahi kuonja hata moja. Kila safari alijiambia, nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Kisha figo zikagoma, lori likauzwa, na daktari akampigia marufuku matunda karibu yote.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu wa mashine. Jumanne na Ijumaa alipelekwa hospitali, akafungwa mipira, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Alirudi nyumbani, mtaa wa Kaloleni mjini Voi, akiwa mkavu kama gunzi. Akianza kupata nguvu za kufika mlangoni, siku ya mashine imefika tena.

Ndipo asubuhi moja, mkewe akimnyoa ndevu, akamwambia.

"Nimechoka, Mbithe. Huko siendi tena. Lakini sitaki kuondoka na hamu. Nitafutie moja kati ya yale matunda, lolote, bora liwe zima. Siku nitakayolionja, mashine basi. Mniache nilale kwangu."

Mbithe aliendelea kunyoa. Alipomaliza alipangusa wembe, akasema tu, "Nimesikia."

Kituku alimshukuru moyoni kwa kutolia.

Tangu hapo Mbithe akawa anakwenda kwa Wakio, muuza matunda wa pale mjini, ambaye huletewa mzigo kutoka Mombasa. Baada ya yale mastafeli mawili yalikuja mashokishoki. Yalikuwa meusi ndani, sisimizi wanatoka. Yakaja mengine, hayo yana ukungu. Likaja doriani dogo lililopasuka, nyama imegeuka maji.

Kituku hakuwahi kumtukana mkewe tangu amwoe. Sasa alimtukana. Mwanamke aliyekuwa akipita shambani Mahoo, akigusa mkungu kwa kidole na kutaja siku utakayoiva, leo ashindwe kuchagua tunda moja? Alimwita kipofu. Alimwambia anamnyima mgonjwa kitu cha mwisho alichokiomba duniani. Mbithe alikusanya maganda kwenye karai, akatoka nayo, akarudi.

"Nitajaribu tena mzigo ukija," alisema.

Basi Kituku akasubiri mzigo. Akaenda kwenye mashine, akarudi, akasubiri. Mzigo ukaja na uozo wake, akasubiri mwingine. Mvua zilinyesha hadi zikakatika. Mjukuu wao mdogo, aliyekuwa akitambaa, akaanza kusimama kwa kushikilia ukingo wa kile kitanda.

Jumamosi moja Mbithe alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Mtu akapiga hodi, kisha Wakio akaingia amekumbatia gunia.

"Pole, mzee. Nimesikia wewe ndiye mgonjwa wa Mama Ngui, nikaona nije mwenyewe nikujulie hali." Akatoa doriani kubwa, halina hata mchubuko. "Hili ni zawadi. Nimelileta kwa mkono wangu, maana mke wako amenishinda."

"Najua," Kituku alisema. "Hajui kuchagua."

"Hajui?" Wakio alimkazia macho. "Mzee, kila mzigo ukifika namwekea lililo zuri kuliko yote. Analishika, analinusa, analirudisha. Halafu anazunguka nyuma kwenye yale ya kutupwa, anachambua mpaka apate lililooza kabisa, na analipa bei ya zima. Nikimuuliza, anabeba kikapu anaenda zake."

Kituku aliegemea mto, akafumba macho. Wakio alidhani amechoka. Akalipasua lile tunda, akamwekea sahani mapajani, akaaga.

Nyama ilikuwa ya njano, laini kama siagi. Kituku aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kipande kimoja, akakila taratibu mpaka kokwa likabaki tupu mdomoni. Kilikuwa kitamu kuliko chochote alichowahi kula. Akalificha kokwa chini ya mto.

Mbithe aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Aliliona doriani limefunguliwa, akashika mwimo wa mlango.

"Nani kaleta?"

"Wakio."

"Umekula?"

Kituku aliisukuma sahani mbali, akageuza uso ukutani.

"Nimetema. Limeoza kama yale mengine. Jumanne tukitoka kwenye mashine, pitia kwake umwambie atafute lingine."