Mtu wa Mia

“Ukihama wewe, watoto wetu watasoma wapi?” jirani yake Orpa aliwahi kumuuliza Damari. Wilaya ilifunga shule ya kila mji uliokuwa na watu chini ya mia, na mji wao ulikuwa na mia kamili.

Karani wa sensa alipofika, alimkuta Keziya, binti wa Damari, akifunga mzigo wa mama yake ili amhamishie kwake, mji mwingine.

“Mama, unakaa hapa?” karani akamuuliza Damari.

“Wao wana watu mia,” Keziya akadakia. “Mimi nina mama mmoja.”

Kengele ya shule ikalia. Damari akamgeukia karani.

“Niandike, karani. Nakaa hapa.”

Keziya akaufungua mzigo, akatoa Biblia na miwani ya mama yake, akaviweka mezani, akatoka.