Khanga Mizunguko Mitatu

Nyanjige alijifunga khanga kifuani mizunguko mitatu, akaivuta mpaka pumzi ikakwama, ndipo akavaa koti la karate juu yake. Akajipapasa. Pakavu.

"Mayu, nenda ukae kule nyuma, kwenye mzani," alimwambia mama yake bila kumtazama usoni. "Usije huku hata akilia."

Lukresia alimweka Mayunga vizuri mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi minne. "Kwani akitaka kulia ataniomba ruhusa?" akasema, akaenda zake.

Nafasi ilikuwa moja tu. Mwaka ule wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na kampuni mpya pale Bariadi ilitaka mlinzi wa kike wa kupekua kina mama getini. Bosi alisema hataki sura, anataka anayejua kupigana. Wasichana tisa walijaribiwa, wakabaki wawili: yeye, na Winnie wa Nyashimo. Asubuhi karani alikuwa amewaita ofisini mmoja mmoja.

"Una mtoto mchanga? Tunataka mtu wa zamu, siyo wa kunyonyesha."

"Sina," Nyanjige alijibu.

Neno lenyewe dogo, lakini lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Angefanyaje? Baba yake Mayunga alikwenda machimboni, hata salamu hatumi. Walikuwa wanakula kwa kaka yake, na wifi alishaanza kumhesabia matonge.

Pambano lilifanyika katika bohari tupu la pamba. Wapakiaji walijipanga ukutani kama wako harusini. Mpaka mapumziko ya kwanza walikuwa wamefungana pointi mbili kwa mbili. Winnie alikuwa na mateke mepesi, ila mikono yake haikutoka mwilini.

"Dada wa Nyashimo!" mpakiaji mmoja alipiga kelele. "Umekuja kupigana au kukumbatia mto?"

Wakacheka. Mwalimu wake Nyanjige, Constantine, hakucheka. Aliinama sikioni kwake.

"Umemwona anavyobana viwiko kifuani? Ameumia huyo, anaficha. Mpige hapo hapo. Halafu tulia. Pumua kwa pua. Usitazame mikono, tazama macho. Akigeuza jicho tu, ingia."

Waliporudi ulingoni, Nyanjige alimpiga hapo hapo. Ngumi moja, kifuani. Haikuhesabiwa, kwa sababu ilipita juu ya kiwiko, lakini Winnie aliuma mdomo na machozi yakamlengalenga. Ngumi haikuwa na nguvu kiasi hicho. Nyanjige akajiambia, kweli, ameumia.

Ndipo mtoto akalia.

Kilio kilitoka nyuma ya bohari, kikapenya kwenye mabati. Kilikuwa kimekauka, cha mtoto aliyelia muda mrefu bila kusikilizwa. Nyanjige alihisi maziwa yakimshuka, moto, yakalowanisha mzunguko wa kwanza, wa pili. Mwili wote ulitaka kugeuka.

Hakugeuka. Alipumua kwa pua. Alitazama macho.

Macho ya Winnie yakaenda kwenye mabati. Kufumba na kufumbua, Nyanjige akaingia, ngumi ikatua chini ya shavu. Winnie alikaa sakafuni. Mwamuzi akanyanyua mkono.

"Safi!" Constantine alimrukia. "Umesikia kelele zote zile, hukupepesa! Huo ndio utulivu!"

Bosi alimwambia aripoti Jumatatu na picha mbili ndogo. Nyanjige aliitikia ndiyo, ndiyo bosi, mikono ameikunja kifuani kuficha unyevu. Wapakiaji walimpigia makofi, naye hakuweza kumtazama hata mmoja wao. Alimkana mwanawe asubuhi kwa mdomo, na mchana akamkana tena kwa masikio. Mama gani asiyegeuka?

Alipopata upenyo alitoka mbio, akazunguka bohari.

Lukresia alikuwa ameketi kwenye mzani, miguu ameinyoosha. Mayunga alikuwa mgongoni, shavu limebonyea, udenda umemtoka.

"Nipe, Mayu, nipe! Nisamehe, nimemsikia, nimemsikia kabisa..."

"Taratibu, utamwamsha," mama yake alisema. "Huyu tangu muanze hajafumbua jicho."

Kilio kikasikika tena.

Kilitoka upande wa pili wa marobota. Nyanjige alichungulia. Bibi mmoja asiyemfahamu alikuwa amesimama akimrusharusha mtoto mchanga aliyechoka kulia. Mbele yake, shavu limevimba, Winnie alikuwa amevua koti la karate, akiitoa khanga kifuani: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.