Uboho wa Aliyewakimbia

Nyamvula alikuwa ameshafika chini ya ngazi, chupa ya uji kwapani, daktari anamfuata mbio. Juu wodini mwanawe alikuwa anakwisha kwa saratani ya damu.

"Mama Kheri, nisikilize kwanza."

"Nimeshasikia. Nimemzaa, nimemlea peke yangu, leo uboho wangu haufai kupandikizwa kwake. Unamtaka baba yake, Sefu, aliyetukimbia mtoto hajaota hata jino."

Daktari akaketi kwenye ngazi na koti lake jeupe. "Damuni mna chembe za kuua. Zina vipokezi, kama vidole vya kupapasa. Zikigusa alama zinazozijua, zinatulia. Zako zitaigusa saratani ya Kheri, zitakuta alama za kwenu, zitaiacha. Baba yake ana alama ambayo Kheri hakuirithi. Chembe zake zitaitafuta, zitaikosa, na hapo hazina wa kuzituliza. Zitaua."

"Kwa hiyo kosa langu ni kumjua mwanangu."

"Saratani nayo imetoka mwilini mwake, mama. Inafanana naye."

Alitamani kumtwanga na ile chupa. Badala yake akauliza basi la kwenda kwa Sefu linaondoka saa ngapi.

Sefu alikuja, akatolewa uboho nyongani, akalalamikia maumivu wiki mbili. Kheri alipona, sasa anashona nguo. Daktari alihamishwa. Kila mwaka Kheri anapokwenda kupimwa, wazazi wake hukaa benchi moja, mkoba wa Nyamvula katikati yao.