Bahasha ya Tatu

Bahasha nane zilikuwa mezani, na maprofesa wawili walikuwa wameshabishana dakika arobaini kuhusu namna ya kuzichanganya.

Kwa watu wa kawaida kazi hiyo ingekwisha kabla chai haijapoa. Lakini Idara ilijaliwa mabingwa wawili. Profesa wa hesabu alikuwa ametumia miaka ishirini kuchunguza mchanganyiko dhaifu, yaani jinsi mfumo unavyosahau ulikoanzia: kwa wastani tu, na baada ya kusubiri sana, maana zipo nyakati chache ambapo unakumbuka. Profesa wa fizikia naye alikuwa na mchanganyiko dhaifu wake, pembe inayoonyesha jinsi nguvu mbili za maumbile zilivyochanganyika, na alikuwa ameipima hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Kila mmoja aliamini mwenzake kamwibia jina. Salamu zilikatika siku nyingi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na majina ya vibarua wanane, na ajira ya kudumu ilikuwa moja. Mkuu wa Idara alitaka usaili. Ila mmoja wa wale wanane alikuwa mpwa wake, mwenye miezi minne tu kazini na tayari anakalia kiti cha kuzunguka cha wakubwa, kwa hiyo maprofesa wakakubaliana kwa mara ya kwanza maishani: iwe bahati nasibu.

Mwingine katika wanane alikuwa msafishaji, aliyeitwa Mama Ubao kwa jinsi alivyokuwa mzito wa kufuta ubao. Darasa moja lilimmalizia nusu saa, amesimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyesahau kilichomleta. Alikuwa kibarua kwa miaka kumi na tisa, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwezi uliofuata angetimiza umri ambao kibarua haongezewi tena mkataba. Akikosa leo, basi. Aliogopa, na wala hakuficha.

Masharti yalikuwa yamebandikwa mlangoni wiki nzima. Aliyeyabandika ni Mama Ubao, kwa kuwa maprofesa hawakujua gundi inakaa wapi. Profesa wa hesabu aliagiza bahasha zigawanywe nne na nne, kisha zipangwe upya moja moja, moja ya fungu la juu, moja ya fungu la chini, mpaka ziishe. Kuchanganya ovyo ovyo kwa mkono alikuita ushamba. Profesa wa fizikia akaongeza kwamba mshindi atoke kwenye bahasha ya tatu kutoka juu, maana ya kwanza ingeonekana upendeleo na ya mwisho ingeonekana uonevu. Kilichobaki bila kuandikwa ni idadi ya mara.

Na bahasha alizikusanya nani? Mama Ubao, bila shaka. Kazi za miguu zilikuwa zake. Alianzia kwa mlinzi getini, akapita maktaba akachukua ya pili, akachomoa yake mfukoni, akaendelea na wengine, kila mpya akiiweka chini ya zilizotangulia. Mpwa alimnyooshea ya kwake bila kuinua macho kwenye simu. Hakuna aliyeona tatizo. Bahasha zilifanana, zilikuwa zimefungwa kwa gundi, na juu ya yote zilikuwa zinakwenda kuchanganywa na mabingwa.

Mabingwa sasa walikwama. Profesa wa hesabu alitaka mara tano, tena hapo alikuwa anajipunja. Profesa wa fizikia alisema mara moja yatosha, kila marudio yanaongeza makosa ya kipimo. Walitajiana vyeti. Mkuu wa Idara alitazama saa, akaagiza chai nyingine.

Mama Ubao aliimimina. "Wazee wangu," alisema, "si mkutane katikati tu? Tatu."

Walimtazama kana kwamba birika ndiyo iliyosema.

"Mama, hii ni sayansi," alisema profesa wa hesabu. "Hatugawi sabuni hapa."

Lakini kimoyomoyo alikuwa ameshapiga hesabu. Wastani wa moja na tano ni tatu, na hakuna aliyeshindwa. Profesa wa fizikia alilitamka neno wastani kwa sauti, akaonekana kuamini kwamba wazo ni lake. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao hivyo hivyo.

Profesa wa hesabu alichanganya mwenyewe. Nne na nne, moja moja, mara tatu, kwa uangalifu wa fundi saa. Mwenzake alimsimamia begani kuhakikisha hakuna hata moja inayoteleza. Haikuteleza hata moja.

"Sasa hata shetani hajui ipi iko wapi," alisema profesa wa hesabu, akajifuta jasho.

Mkuu wa Idara alifungua ya tatu. Akasoma, akarudia kusoma, kisha akamtazama Mama Ubao kwa uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Mama Ubao alilia palepale, birika mkononi. Mpwa alinung'unika kwamba kuna mchezo umechezwa. Maprofesa walimgeukia wote wawili, bega kwa bega kama ndugu, wakamwuliza ana elimu gani ya kutilia shaka mchanganyiko wao. Hakuwa nayo.

Mchana Mama Ubao alikwenda na kitambaa chake kwenye darasa la mwaka wa kwanza, ambako maprofesa hawafundishi. Mwalimu alikuwa amemaliza somo lile lile analolitoa kila mwaka majira hayo. Ubaoni palikuwa na mistari minne ya namba, moja hadi nane. Kila mstari ulitokana na ule wa juu yake kwa kugawa nne na nne na kupanga moja moja, na mstari wa nne, baada ya kupanga mara tatu, ulikuwa sawasawa na wa kwanza.

Mama Ubao aliusoma ubao wote polepole, kwa mara ya kumi na tisa, kisha akaufuta.